Kutoka Kitale Kushuka Bungoma: Mfuko Mmoja, Mashamba Mengi

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Tofauti hiyo haionekani sana ukiwa ndani ya matatu, lakini mahindi yanaijua. Mwishoni mwa Julai mashamba ya Trans Nzoia bado ni ya kijani kibichi, mabua yamempita mtu kimo na mbelewele ndiyo kwanza zimechomoza. Ukifika Kimilili, ndevu za mahindi zimegeuka kahawia na moshi wa mahindi ya kuchoma umetanda kando ya barabara. Ukiingia Bungoma, majani yamekauka, maharagwe yameshang'olewa, na wenye haraka wameanza kuvuna. Anayeteremka njia hiyo husafiri mbele katika kalenda ya mkulima. Ndiyo maana niliuchagua mwezi huo.

Nilikuwa nimebeba swali moja. Watu wa vijiji vya huku, wanapochanganya jasho lao na pesa zao, huchanganya nini, wakati gani, na hutengana lini?

Ziko jumuiya duniani ambazo hazitengani. Twin Oaks, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, imedumu tangu 1967. Wanachama wake, ambao hawafiki hata mia kwa kawaida, kwa miaka mingi walisuka vitanda vya kamba vya kuning'iniza na kutengeneza tofu, na mapato huingia katika mfuko mmoja unaomlisha, kumvisha na kumtibu kila mtu. Kila mwanachama hudaiwa takriban saa 42 za kazi kwa wiki. Kupika, kufua na kulea watoto huandikwa daftarini kama kazi nyingine yoyote. Jambo hilo la mwisho lilinirudia kichwani mara nyingi njiani.

Kenya nayo ilijaribu la kwake, na ililijaribu katika nyanda hizihizi za juu.

Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa askari waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilifika Kitale 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni, na Waafrika walioishi katika mashamba hayo wakaitwa maskwota juu ya ardhi ambayo baadhi yao waliifahamu kabla ya mzungu kuiwekea mipaka. Uhuru ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja ulianza 1962 ili mashamba ya walowezi yanunuliwe na kukatiwa Waafrika. Wenye uwezo walinunua peke yao. Wasio na uwezo walichanga: wakaunda kampuni na vyama vya ushirika, kila mtu akatoa alichonacho, wakanunua shamba zima pamoja na trakta zake na ng'ombe wake wa maziwa.

Kisha 1971 serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Shirika, uliowalenga wasio na ardhi kabisa. Kila familia ilipewa takriban hekta moja ya kujenga na kulima chakula. Sehemu kubwa iliyobaki ililimwa kama shamba moja, chini ya meneja aliyeteuliwa na idara ya makazi. Wanachama wangefanya kazi humo, mkopo wa ununuzi ungelipwa kutokana na mavuno, na faida ingegawanywa. Katika karatasi, hiyo ilikuwa jumuiya ya kugawana mapato iliyo kamili kuliko zote ambazo serikali ya Kenya imewahi kuzijaribu.

Nje ya mji wa Kitale mashamba makubwa ya aina hiyo leo ni vipande vya ekari mbili, ekari tano, vimetenganishwa kwa ua wa miti na seng'enge. Hapa na pale nyumba ya mawe ya mlowezi ingali imesimama, bomba lake la moshi likiwa juu ya paa, na ndani yake kuna darasa au ofisi. Katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi ilisukuma kampuni na vyama vya kununua ardhi vigawe mashamba na kumpa kila mwanachama hati yake. Katika mashamba mengi watu walikuwa wameshajigawia wenyewe kwa kamba na vigingi.

Kwa nini? Maelezo yanayosikika mara kwa mara ni uvivu, wizi na ukabila. Mawili ya mwisho yalikuwepo, nami siyapuuzi. Meneja asiyechaguliwa na wanachama hana wa kumwogopa miongoni mwao. Lakini nikiwa nimesimama katika udongo wa Trans Nzoia, naona sababu iliyo karibu zaidi na ardhi yenyewe. Mvua ya hapa huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi, na mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita au zaidi. Utafiti wa kilimo uliofanyika Kitale katika miaka ya 1960 ulionyesha wazi kwamba kuchelewa kupanda hupunguza mavuno vibaya. Sasa mpe mzazi hekta moja iliyo yake na mamia ya hekta yaliyo ya wote, halafu mletee mvua ya kwanza. Wiki ni ileile, mikono ni ileile. Atapanda kwake kwanza. Mpango uliomtaka awe mahali pawili katika wiki hiyo ulikuwa umejengwa juu ya kosa la hesabu, na aliyebebeshwa lawama alikuwa mwanachama.

Tanzania ilikuwa na mfano uliosimama imara zaidi. Mapema katika miaka ya 1960, vijana wa chama cha TANU walianzisha kijiji cha Litowa, mkoani Ruvuma. Vijiji vingine vilifuata, na vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho katibu wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao wenyewe, wakamiliki kinu cha kusaga na kiwanda cha mbao, na maamuzi yote yalitoka katika mikutano yao. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Ruvuma iliota kutoka chini ikakatwa kutoka juu. Shirika lilipandwa kutoka juu, likanyauka chini. Kila nikiziweka hadithi hizo mbili pamoja huona kwamba anayeamua ndiye anayeamua pia kama kitu kitadumu.

Hata hivyo, kugawanyika kwa ardhi hakukufuta haja ya wenzako. Hapo mahindi yenyewe yanaingia tena. Mwaka 1964 Kitale ilitoa H611, chotara iliyopatikana kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ekwado. Mavuno yalipanda, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale 1956, ikawa jina linalojulikana nchi nzima. Lakini chotara ukiipanda tena kutoka ghalani kwako hupoteza nguvu. Kwa hiyo kila Machi mkulima anahitaji pesa taslimu za mbegu, za mbolea ya kupandia na za trakta, na Machi ndiyo wakati karo ya Januari imeshafagia kila kitu. Babu yake aliyechagua masuke mazuri na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni hakuwa na shida hiyo. Mbegu bora ilimfungulia mkulima ghala na papo hapo ikamfunga kwenye duka. Vikundi vingi vya kuweka akiba vya huku huzungukia tarehe hiyo.

Wapo Kitale wanaotafuta njia nyingine. Kituo cha Kilimo cha Manor House kimefundisha tangu 1984 kilimo cha matuta yaliyochimbwa kwa kina, mboji na mbegu za kujihifadhia. Katika mtaa wa Mitume, OTEPIC, shirika lililoanzishwa na Philip Munyasia, hulima bustani za pamoja na vijana na kina mama wa mtaa. Munyasia amejifunza pia kutoka Tamera, jumuiya ya watu wanaoishi pamoja huko Ureno, lakini alichokijenga Mitume kina sura ya Kitale: watu wanalala kwao, wanafanya kazi pamoja, na mboga hupelekwa kwenye vyungu vya nyumba nyingi.

Barabara inapita Kiminini kuelekea Kamukuywa, na mashamba yanazidi kuwa madogo. Huku Mei na Juni ni miezi ya palizi. Waluhya wana jina la kale la kazi ya kusaidiana, bulala, na ingawa vijana wengi wangesema tu "kikundi", utaratibu haujabadilika sana: leo kwa huyu, kesho kwa yule, majembe kumi au kumi na tano yakiwa katika mstari mmoja. Anayelimiwa hupika. Chai ya maziwa saa nne, na mchana ugali na mboga, mrenda au kunde, na akiweza, nyama.

Zamu ndiyo siasa yote. Shamba la kwanza hupaliliwa magugu yakiwa madogo, la mwisho yakiwa yamefika goti. Tangu 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya, anayekagua mahindi yake mapema ndiye anayewaona wakiwa bado wadogo, na hilo limeongeza uzito wa kuwa wa kwanza. Vikundi vilivyo makini hupiga kura kwa vikaratasi, au huanza na mjane na mwenye mgonjwa, au hugeuza mpangilio mwaka unaofuata ili wa mwisho awe wa kwanza. Nimeona haki nyingi zikiandikwa katika sheria, lakini ile ya kikundi kinachogeuza zamu hunigusa kuliko nyingi kati yake, kwa sababu hupimwa palepale, kwa magunia.

Na yule aliyekesha akichambua maharagwe ili wapaliliaji wale? Kazi yake haiandikwi popote. Kikundi huhesabu majembe. Hapa ndipo nilipoikumbuka Virginia na daftari lake. Katika mashamba ya Shirika mambo hayakuwa tofauti: mgao ulifuata uanachama, na mwanachama aliyesajiliwa kwa kawaida alikuwa mwanamume mwenye nyumba. Mkewe alilima shamba la wote na hekta ya nyumbani, akapika, lakini jina lake halikuwa kwenye kitabu.

Labda ndiyo sababu, kuanzia Kimilili hadi Bungoma, mifuko ya pamoja iliyo hai zaidi imo mikononi mwa wanawake.

Julai ni mwezi mgumu. Ghala limekauka, mahindi ya shambani bado ni maji, na bei ya gorogoro, kopo la kupimia mahindi sokoni, inapanda. Katika mwezi huohuo niliwakuta wanachama wa kikundi kimoja karibu na Kimilili wameketi chini ya mwembe, sanduku la chuma likiwa katikati. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliye mweka hazina. Mwenye ufunguo akikosa kufika, mkutano hauanzi na yeye hulipa faini. Mtindo huu ulianzia mbali. Shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger 1991 pamoja na wanawake wa Maradi, ukasambaa Afrika, na huku ukakutana na mchezo wa kuzungushiana pesa ambao bibi zetu walishauzoea.

Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na katibu hupiga muhuri katika kitabu kidogo. Pesa haziendi benki. Zinakopeshwa palepale, kwa riba ambayo wenyewe wameipanga, na riba hiyo hurudi kuwa mali yao. Pembeni upo mfuko wa jamii, wa msiba na wa hospitali. Kikao nilichokihudhuria kilitumia muda mwingi zaidi kujadili matanga kuliko mikopo, na hilo si ajabu kwa anayejua gharama ya kuzika katika nyumba ya Mbukusu, Mluhya wa eneo hili, ambako waombolezaji hulala siku kadhaa na wote wanapaswa kula.

Mama mmoja aliomba mkopo wa kununua mahindi ya chakula. Wenzake walimhoji kwa upole lakini bila kuruka swali: atalipa kwa nini, maharagwe yake yamefika wapi, mwanawe wa Nairobi bado anatuma chochote kwa M-Pesa? Akajibu yote. Kiwango cha mkopo hufungwa na akiba, kwa kawaida mara tatu yake, kwa hiyo aliye na kidogo hupata kidogo hata kama njaa yake ni kubwa. Hilo ndilo doa la mpango huu. Mfuko wa pamoja unamfuata mtu kwa uwezo wake zaidi ya shida yake, na mfuko wa jamii hauwezi kuziba pengo lote.

Mzunguko huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili, halafu sanduku hufunguliwa na kila senti kugawanywa kulingana na hisa. Wengi huchagua Desemba, ili pesa zikutane na Krismasi na karo. Wengine huchagua Februari, ili zikutane na mbegu. Baada ya hapo sanduku ni tupu, na kikundi huanza upya kwa kuulizana nani anabaki. Sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii inadai watu wasiopungua 10 na katiba. Lakini swali la nani anabaki hujibiwa kila mwaka kwa mdomo.

Mtu anaweza kukiona hiki kuwa kiwango cha chini cha ujima, kitu kilichobaki baada ya ndoto kubwa kuanguka. Mimi nakiona vingine. Shirika lilimtaka mtu aungane na wenzake mwaka mzima, katika ardhi yenyewe, bila mlango wa kutokea. Sanduku la kufuli tatu linamtaka aungane nao kupitia miezi ya uhaba, kisha linamrudishia chake magunia yanapoingia, na kumwacha achague tena. Uaminifu wake hupimwa na kulipwa kila mwaka.

Chwele ipo kati ya Kimilili na Bungoma, na soko lake ni miongoni mwa makubwa ya magharibi mwa Kenya: ndizi, vitunguu na nyanya kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kuku wa kienyeji ndani ya matenga. Mwaka wa safari yangu ulikuwa wa shufwa, na hiyo ndiyo miaka ambayo Wabukusu hutahiri wavulana wao, mwezi wa Agosti. Tayari vijana walikuwa barabarani wakipiga njuga zao, chinyimba, wakizunguka kwa wajomba na mashangazi kuwaalika. Kila nyumba inayotembelewa inajua kwamba itaombwa kitu: kuku, pesa, wakati mwingine ng'ombe. Watakaotahiriwa pamoja wataitana bakoki maisha yao yote, na hawatasahau nani alitoa nini. Vikundi vingi vya akiba vinaona mikopo ikipanda miezi hiyo, na baadhi ya wenyeviti huwa wakali kuhusu mikopo ya sherehe.

Nilipofika Bungoma mavuno ya maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai hadi karibu na lami. Maharagwe ndiyo mwokozi wa Julai, na hapa yana historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la SACRED Africa, lenye makao Bungoma, lilieneza upandaji lililouita MBILI: mistari miwili ya mahindi, miwili ya mikunde, ili jua liyafikie maharagwe yaliyokuwa yakifinywa kivulini. Shirika hilohilo lilisaidia wakulima kuanzisha benki za nafaka, ambamo wanachama huweka mahindi yao ghala moja na kuuza kwa pamoja bei ikipanda, badala ya kila mtu kumfungulia dalali mlango akiwa na dhiki. Ni wazo zuri lenye adui mmoja, karo. Anayedaiwa na shule hawezi kungoja bei.

Bungoma ndipo pia One Acre Fund ilipoanzia 2006, ikiwa na familia zipatazo 40. Mwanzilishi wake, Andrew Youn, alitoka Marekani, lakini mashine aliyoikuta ilikuwa kikundi cha majirani: mbegu na mbolea huletwa kabla ya mvua, mkulima hulipa kidogo kidogo, na tangu mwanzo kikundi kilibeba dhamana ya kila mmoja wao. Baadaye, kupitia mradi wa kaboni wa Vi Agroforestry na Benki ya Dunia, vikundi vya wakulima wa eneo hili vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulipwa kwa kuhifadhi hewa ya ukaa udongoni. Hati za kwanza zilitolewa 2014. Pesa hizo zikigawanywa kwa maelfu ya watu, kila mmoja hupata kidogo mno. Wakulima wengi wanakuambia faida waliyoiona ni rutuba iliyorudi.

Kikundi cha mwisho nilichokitembelea kipo upande wa Bukembe, ambako miwa ya kiwanda cha Nzoia imepakana na mahindi. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, na malipo yake yamewachelewea wengi. Ndiyo sababu wanachama hawa wameegemea mahindi na akiba. Ajenda ilikuwa mashine ya kupukuchua. Wanayokodi hutoka mbali, hufika inapotaka, na mahindi yanayoingoja huku mvua ikinyesha huota ukungu. Waliafiki kununua yao. Waligombana kuhusu mapato yake: kila mwenye hisa alipwe mwisho wa mwaka, au pesa zibaki mfukoni zikue? Wenye mashamba makubwa walitaka wanachama wapukuchuliwe bure. Wenye robo ekari waliona mara moja nani angefaidi, wakataka kila gunia lilipiwe, la mwanachama na la jirani, tofauti iwe katika bei tu.

Mzee mmoja alipendekeza waliache jambo hilo hadi baada ya kuvuna, watu wakiwa na pesa. Mama mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akamwita baba kwa heshima, kisha akamjibu kwamba baada ya kuvuna kila mtu atakuwa kwake akihesabu magunia, na wa kupiga kura hawatapatikana. Kura ipigwe sasa. Ilipigwa kwa kuinua mikono, na kila gunia litalipiwa. Katibu akaanza kuandika majina ya watakaokwenda mjini kuuliza bei ya mashine.